Kayamba Iliyolelewa Chaani

Nikiulizwa kazi yangu, husema mimi ni fundi, nikaishia hapo. Nikiongeza neno moja tu najitia mashakani. Nikisema natengeneza ala za muziki, mtu huniuliza kama naweza kumrekebishia gitaa la shemeji yake. Nikisema ala zenyewe hujipiga, hunitazama kama nataka kumuuzia dawa ya mapenzi. Jirani yangu mmoja hapa Timbwani aliwahi kunisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akaniuliza kama chuo kinajua tunayoyafanya mle ndani.

Chuo kinajua. Ndicho kilichotupa ghala kuukuu huko Chaani, lililopakana na barabara ya malori ya makontena, kikaliita karakana ya utafiti na kutuachia. Mle tuna zumari inayopulizwa na pampu ya magurudumu, ambayo siku ya kwanza ililia vibaya mpaka mbuzi wa jirani wakaitikia. Tuna sinia la shaba linalogongwa na vinyundo vya sumaku ya umeme kila wingu linapofunika jua, kwa sababu mmoja wetu alikuwa na kipande cha sola na hakuwa na la kukifanyia. Vingi vya vitu hivyo havina maana yoyote, nami navipenda kupita kiasi.

Tuko watatu. Mimi ni wa mbao na mota; chochote kinachotikisika mle ndani nimekitikisa mimi. Wa pili ni mwanamke wa Kisauni, mtu wa ukoo wa zamani wa Kimvita, asiyewahi kuniita bila kutanguliza "dada". Yeye ni wa waya na sensa, vile vidude vya kuhisi mguso na sauti, na huchomelea vitu vidogo kuliko punje ya mchele huku akisimulia habari za harusi. Wa tatu ni bwana mmoja wa kutoka bara, mwandishi wa programu, anayezungumza Sheng hata na kompyuta. Yeye ndiye anayezipa mashine zetu akili, na kwa kuwa ni yeye, mashine zetu zote zinajiamini mno.

Kayamba haikuanza kama utafiti. Ilianza kama hasira.

Mama yangu alipiga kayamba katika kwaya ya kanisa letu la Likoni tangu mimi ningali nabebwa mgongoni. Kwa asiyeijua, kayamba ni kama sanduku bapa la matete yaliyofumwa, na ndani yake mna mbegu nyekundu za mturituri. Unaishika kwa mikono miwili kama sinia la chai, unaiinamisha huku na huku ili mbegu ziteleze, na vidole gumba vinadonoa kibao cha katikati. Sisi watu wa Rabai tunaijua kabla hatujajua kuvaa viatu, na kuitikisa si kazi. Kwaya haikumtegemea Mama kwa kutikisa. Ilimtegemea kwa mkato wake.

Mkato ndilo jina walilolipa jambo lile. Wimbo ukiwa umechemka na ubeti wa mwisho unakaribia, Mama aliinyamazisha kayamba ghafla, na kwaya nzima ikanyamaza naye. Kanisa lilishika pumzi. Hakuna aliyejua atarudi lini, hata mwalimu wa kwaya, ambaye alibaki ameinua mkono hewani kama mtu anayesimamisha gari. Kisha Mama alirudi, na aliporudi hakuna aliyebaki kitini. Nimewaona wazee wenye mikongojo wakisimama kwa ule mkato.

Halafu baridi yabisi ikamwingia vidoleni. Mwanzoni aliificha, akawa anapiga kwa viganja. Jumapili moja kayamba ikamponyoka katikati ya wimbo, ikaanguka sakafuni mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo hakwenda tena mazoezini. Ibadani alikwenda, lakini aliketi nyuma karibu na mlango, na matangazo yakianza alikuwa ameshafika barabarani. Nyumbani aliacha kuimba hata akikuna nazi.

Mwalimu wa kwaya, mtu mwenye adabu zake, alikuja kumjulia hali. Alisema nafasi ya Mama, pale mwisho wa benchi la mbele, wataiacha wazi mpaka Sikukuu ya Mavuno. Siku hiyo kwaya haiwezi kukaa bila kayamba, kwa hiyo kama bado mikono inamsumbua, watamkalisha dada mwingine aliyekuwa akijifunza.

"Mpeni," Mama akasema. "Mimi nimeshapiga vya kutosha."

Akatabasamu, akaaga, akaingia jikoni kuangalia chungu. Jikoni hapakuwa na chungu chochote motoni.

Mimi nilipandwa na mori. Nilimkasirikia mwalimu, nikayakasirikia mavuno, nikavikasirikia vile vidole. Kesho yake nilifika Chaani nimeifunga kayamba ya Mama ndani ya leso, nikaiweka mezani katikati ya waya na bisibisi, nikatangaza kwamba tunaijengea mikono.

"Hiyo ni rahisi, wasee," akasema mwenzetu wa bara, kama anavyosema kila mara kabla ya jambo kututoa jasho.

Fremu niliiunda kwa mbao za kupakilia mizigo, zinazotupwa nje ya maghala. Mota mbili ziliiinamisha kayamba huku na huku, na vinyundo viwili vilivyovikwa ngozi vikawa vidole gumba. Kipaza sauti kidogo kilisikiliza makofi ya waimbaji, programu ikatambua mwendo, mota zikafuata. Kilichotusumbua kwanza ni mbegu. Mbegu haziruki, zinateleza, na kuteleza kunachukua muda. Mashine ikingoja isikie kofi ndipo iiname, mlio unachelewa. Ilibidi ikisie kofi lijalo na kuanza mapema. Mwenzetu wa bara aliupenda sana mchezo huo wa kukisia, akakaa nao siku nzima bila kula.

Kilichotusumbua pili ni malori. Tulijaribia mashine palepale karakanani, sisi watatu tukiimba pambio na kupiga makofi. Mwenzangu wa Kisauni alishiriki kwa moyo mmoja. "Mimi nawapigia makofi tu, dada," alisema. "Maneno nawaachia wenyewe." Basi tukinoga tu, lori linapita na honi yake, makofi yanamezwa, mashine inapotea na kusimama. Tunaanza upya. Linapita jingine. Mwishowe mwenzetu wa bara aliiandikia amri moja mpya: usiposikia kitu, usisimame, endelea na mwendo wa mwisho mpaka usikie mwingine. Akaibatiza amri hiyo "usikate tamaa". Tangu hapo hata ikipita treni ya mizigo, kayamba ilidunda moja kwa moja bila kutetereka. Tulifurahi, tukaagiza viazi karai, tukala tukiwa tumesimama.

Kuivusha ikafika Likoni ilikuwa kichekesho chake. Pale kwenye feri mizigo hukaguliwa, na sanduku lenye waya, betri na kitu kinachochakarika ndani si mzigo wa kupita kimyakimya. Mlinzi aliniita kando.

"Dada, hii ni nini?"

"Kayamba."

"Kayamba ina betri?"

"Hii ina betri."

"Yalipuka?"

"Yaimba."

Akanitazama. "Hebu iimbe basi."

Nikaiweka chini, nikapiga makofi. Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni, ambao muda mfupi kabla walikuwa wakininung'unikia, wakapiga nao, na kayamba ikashika mwendo bila kukosea. Mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani akaanza kutikisa mabega. Mlinzi akamwita mwenzake aje kuona, nikalazimika kurudia. Nilivuka nikiwa nimevimba kichwa, na kama kuna mtu angenisalimu pale juu ya feri sidhani ningemwitikia vizuri.

Jumapili ile Mama alikubali kukaa benchi la katikati, kwa sharti nisimtaje jina wala nisimwonyeshe kwa kidole. Mashine niliiweka mwisho wa benchi la mbele, kwenye nafasi yake. Wimbo ulipoanza, waumini wakapiga makofi na kayamba ikaingia, safi, yenye nguvu. Wanakwaya waligeuka kuitazama huku wakiimba. Mwalimu alinitikisia kichwa kwa furaha. Nilimtafuta Mama kwa macho. Alikuwa amekaza midomo, hakuonyesha la heri wala la shari.

Ukafika ubeti wa mwisho. Kwaya, kwa mazoea ya miaka yote ile, ilinyamaza mahali pa mkato.

Mashine haikusikia kitu. Na kwa mashine iliyolelewa Chaani, kimya maana yake ni lori linapita. Iliendelea. Ilidunda peke yake ndani ya kanisa lililotulia, kwa uchangamfu mkubwa, bila kukata tamaa. Wanakwaya wakatazamana. Mmoja akaingia mapema, wengine wakachelewa, wimbo ukaisha vipande vipande.

Ningemshukuru Mungu kama yangeishia hapo. Lakini baada ya mahubiri mchungaji aliwasimamisha wageni waliotutembelea, akasema, "Hawa tuwapigie makofi ya kilo!" Makofi ya kilo kila mmoja wetu ameyapiga tangu shule ya msingi: yanapigwa kwa mafungu, kwa pamoja, kwa nguvu, na lile la mwisho linatupwa kwa mgeni. Kayamba, iliyokuwa imetulia tangu wimbo uishe, haikuwa imewahi kusikia makofi mazuri namna ile. Iliamka na kuondoka kwa kasi. Watu wakacheka na kushangilia, na kadiri walivyoshangilia ndivyo ilivyozidi. Mchungaji alitaka kusema neno, akashindwa, akafuta macho. Mimi nilikuwa chini ya benchi na gauni langu la Jumapili, nikipambana na betri niliyoifunga kwa mikono yangu mwenyewe ili isichomoke kamwe.

Nilipotoka nje nilimkuta Mama ameegemea ukuta, anacheka. Alicheka mpaka akaishiwa pumzi, akajifuta machozi kwa ncha ya leso, akanitazama, akaanza upya. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu ile siku kayamba ilipomponyoka. Aibu yangu yote ikaniondoka.

"Mwanangu," akasema alipopata sauti, "hiyo yako yajua kupiga. Kunyamaza haijui."

Mwalimu wa kwaya akatukuta hapo. Alinishukuru kwa kujitahidi, kwa upole uleule wa siku zote, kisha akasema mavuno yamekaribia, basi atamkalisha yule dada. Mama alijibu kwamba ni sawa. Kile kicheko kikamtoka usoni, tukarudi nyumbani.

Jioni yake majirani walikuja, maana habari ilishawafikia na walitaka kuipata kutoka kwa mwenyewe. Mama akawakalisha barazani, akawasimulia, akiongeza chumvi mahali ambapo hata hapakuhitaji. Alipofika kwenye makofi ya kilo alitaka kuyaonyesha, na kwa kuwa vidole vilimuuma, aligusanisha viganja taratibu tu. Lakini mguu wake wa kulia haukufanya taratibu. Kisigino kilishuka sakafuni kwa kishindo, kila kofi na kishindo chake.

Nikakitazama kile kisigino. Kilikuwa kinashuka kabla ya kofi. Kabla kidogo tu, kiasi cha mbegu kuteleza kutoka upande mmoja hadi wa pili.

"Mama, hebu rudia hapo," nikasema.

"Pa makofi?"

"Hapo hapo. Na pale kwaya iliponyamaza."

Akarudia, majirani wakacheka tena, nami sikucheka. Alipofika mahali pa mkato, kisigino kilibaki kimening'inia hewani, na hakikushuka mpaka alipoendelea na hadithi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiitazama mikono yake kama watu wengine wote. Nilibebwa mgongoni mwake, nikalala kwenye kile kishindo, na sikuwahi kujua kwamba ndicho kilichokuwa kikiongoza. Nikatamani kukuche.

Kesho yake Chaani nilimsimulia mwenzangu wa Kisauni habari za kile kisigino. Nilipomaliza, aliinama, akavua ndala yake moja, akaipindapinda.

"Basi twamtilia sensa kwenye ndala," akasema. "Si hii, dada, hii nataka kurudia nyumbani. Nitafutie nyingine."

Tulipata ndala kuukuu nyuma ya mlango, akaipasua soli kwa wembe na kulaza ndani yake kisahani chembamba cha shaba, cha aina ile inayolia ndani ya midoli ya watoto. Kisahani kama hicho kikipewa umeme hulia, na kikigongwa hutoa umeme. Kisigino kikishuka, mashine ingejua hapohapo, ikiwa na muda wa kutosha wa kuinama. Hakukuwa tena na haja ya kukisia.

Hapo ndipo mwenzetu wa bara alipokasirika. Kukisia alikubali kuacha, kwa shingo upande. Lakini nilipomwambia afute na ile "usikate tamaa", alikunja mikono.

"Ikinyamaza si watu watadhani imekufa?"

"Wadhani."

"Na ukiona wewe mwenyewe umedhani?"

"Nitajikaza."

"Sawa, lakini usinipigie simu ukiwa kanisani, ukilia," akasema, akafuta. Aliibusu kompyuta kwanza, kwa mzaha, lakini naamini ilimuuma.

Mama hakuruka kwa furaha nilipomletea. Alisema hataki watu waseme amekaa pale kama pambo huku mashine ikimfanyia kazi. Nikamwomba aivae ndala tu, basi, ajionee. Akaivaa, akaketi, akashusha kisigino kama anayepima joto la maji. Kayamba ikaitika. Akashusha tena. Kisha akaanza kuitega: anaenda mbio, anasimama ghafla, anainua mguu kama atashusha na hashushi. Kila mara ilimtii.

"Ee Mulungu," akasema polepole. Halafu akaigombeza, "Wewe, usinitangulie," ingawa haikuwa imemtangulia.

Akaniambia jambo moja tu la kubadilisha. "Usiiweke kule chini. Niwekee mapajani. Nataka niishike."

Niliivunja fremu yote, nikaiunda upya, nyembamba, bila pembe ya kumchoma, mota zikiwa zimefichwa chini. Sasa aliweza kulaza viganja juu ya matete na kuzisikia mbegu zikipita chini yake. Wiki ile alikuna nazi akiimba.

Mwalimu wa kwaya aliposikia alisitasita, na sikumlaumu, maana masikio yake bado yalikuwa na makofi ya kilo. Alisema kwamba Mama aketi kwenye nafasi yake, na yule dada aketi nyuma yake na kayamba ya kawaida. Likiharibika neno, dada ataingia, na huo ndio utakuwa mwisho wa habari ya mashine. Mama akasema vyema.

Jumapili ya Mavuno kanisa lilinukia mananasi na kuku. Watu walipita mbele na mihogo, mahindi, madafu, na jogoo mmoja aliyekataa kutolewa sadaka kwa utulivu. Mama alikuwa mwisho wa benchi la mbele, na leso mpya mapajani kuficha mota, na waya ukishuka chini ya sketi yake mpaka kwenye ile ndala, mguu wa pili ukiwa na kiatu chake kizuri cheusi. Mimi nilikaa ubavuni, karibu iwezekanavyo, na bisibisi kwenye mkoba.

Wimbo wa kutoa mavuno ukaanza. Kisigino kikashuka. Kayamba ikaja, na watu walioketi nyuma, ambao hawakuona ndala wala waya, walianza kuitana kwa viwiko kwamba amerudi. Sikuisikia mashine yangu hata kidogo. Nilimsikia Mama, uvutaji wake, uzito wake, ule uchelewaji wake mdogo anapoingia ubeti mpya. Nilijua machozi yananitoka na niliyaacha.

Ubeti wa mwisho ukakaribia. Kayamba ikakatika, kwaya ikakatika nayo.

Kimya. Mwalimu ameinua mkono. Jogoo naye kanyamaza. Nikangoja, nikangoja tena, na kile kimya kikapita urefu wa mikato yote ninayoikumbuka. Yule dada wa nyuma akaiinua kayamba yake. Nikawaza waya umechomoka. Nikawaza betri, nikawaza kile kisahani kimevunjika ndani ya soli, nikamkumbuka mwenzetu wa bara na maneno yake. Nikashika mkoba, nikanyanyuka.

Mama akageuza kichwa, akanitupia jicho. Lilikuwa jicho lilelile alilonitupia kutoka kwenye benchi lile nilipokuwa mdogo, nikihangaika kwenye kiti wakati yeye yuko kazini.

Nikaketi.

Akalitazama kanisa lote, taratibu, kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, kisigino kikiwa hewani. Kisha akakishusha.